Shilingi ya Simba ya Mama Nyamburi

Jumanne, Musoma

Na kwenye simu nilimwambia wazi kabisa: "Mama, usiisafishe. Ukiisugua, wanaokusanya sarafu za zamani hawaitaki tena." Leo Mama Nyamburi kafika kutoka Bukima, kaifungua kwenye leso, shilingi inang'aa kama sufuria ya harusi. Kaisugua kwa mchanga.

Nilikasirika.

Niliiweka chini ya lenzi hivyo hivyo. Simba amebaki kivuli, na ukingo umelika upande mmoja tu. Nikamuuliza imekuwaje.

"Marehemu mama alikuwaga anaparulia magamba ya sato. Na mimi naparuliaga hiyo hiyo."

Uchakavu wa namna hiyo naupenda, ni wa matumizi. Ningeipa daraja la kati bila wasiwasi. Lakini mikwaruzo ya mchanga haina dawa, nikalazimika kuipa la chini kabisa. Nilipata taabu kumwambia. Mama wa watu, safari yote ile...

"Kwa hiyo haiuziki?"

"Haiuziki, mama. Pole sana."

Akaifunga tena kwenye leso, taratibu. "Wanangu ndio wanaotaka iuzwe. Wakikupigia, waambie hivyo hivyo."

Nikamsindikiza hadi stendi, bado namwonea huruma. Basi lilipoondoka ndipo nikakumbuka. Siku ile kwenye simu aliniuliza mara mbili ni kitu gani hasa kinachoharibu sarafu kuliko vyote.

Nikamjibu, mchanga.