Mbawa za Mama Uzi

Jumapili, 3 Machi

TANGAZO. Wakazi wote wa nyumba hii — yaani mimi, cherehani, na paka wa jirani asiyelipa kodi — mnaarifiwa kwamba kuanzia asubuhi ya leo mke wangu si mtu wa kawaida tena. Ameongezewa mbawa mbili na mataji mawili. Sherehe fupi imefanyika jikoni. Mgeni rasmi nilikuwa mimi, na nilipiga makofi nikiwa na sufuria mkononi.

Jina lake jipya kwenye gemu ya vita anayoicheza kwa simu ni hili. Nimelinakili kwa kalamu mpaka kidole kimeuma:

꧁♛ 𝓜𝓪𝓶𝓪 𝓤𝔃𝓲 ♛꧂

La zamani lilikuwa Mama Uzi tu, kavu, kama limeandikwa kwenye kadi ya kliniki. Uzi wenyewe ni wa cherehani, maana kazi yake ni kudarizi majina kwenye sweta za shule na jezi. Vijana wa kikosi chake cha gemu wakadhani ni ile bunduki iitwayo Uzi! Wakamwogopa tangu siku ya kwanza, naye hajawasahihisha. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, miwani mizito, magoti yanalia kama mlango — na kuna watu huko duniani wakiona jina lake kwenye skrini wanatimua mbio.

Nikamuuliza herufi kama zile kazichota wapi.

"Mzee wangu, herufi hazichotwi. Zinachaguliwa."

Akiniita mzee wangu najua nimeuliza ujinga.

Jumanne, 5 Machi

Saluni kimya. Kinyozi mwenye kipara haaminiki upesi — wateja wanaona kama nilijiharibia kwangu, sasa nimehamia kwao. Nikafunga mapema.

Nyumbani nikakuta ofisi. Kikosi chao kina mashindano Jumamosi ya wiki ijayo, na wameamua wote wavae mtindo mmoja: mbawa zilezile, herufi zilezile. Fundi ni nani? Mke wangu. Simu kaiegemeza kwenye cherehani, wanagombana naye kwa maiki.

"Mama Uzi, mimi niwekee fuvu!"

"Fuvu la nini, wewe umeshiba kweli? Utapata nyota, na utashukuru."

Huyo anaitwa Pumu, kwa sababu anahema kwenye maiki. Kuna Dada Baridi, haongei ila kutukana. Na kiongozi wao, Kamanda, sauti nzito kama mtu anayebeba saruji. Hawajawahi kuonana. Hakuna anayejua jina la kweli la mwenzake. Lakini mke wangu anajua Pumu ana mtihani lini, na Kamanda kaachwa na nani!

Akanipa somo nikiwa naosha vyombo. Jina ni kama kola, urembo ukizidi shingo haionekani. Na usiliamini jina kwa kuliona kwenye ujumbe. Ujumbe ni shangazi, unakaribisha kila mtu. Gemu ni mlinzi wa geti. Lijaribu kwanza ndani ya gemu, kabla hujambandika mtu.

Nikasema ndiyo ndiyo. Sufuria ilikuwa imeungua.

Alhamisi, 7 Machi

Wodini. Siwezi kuandika.

Ijumaa, 8 Machi

Kiharusi. Upande wa kulia wote. Mkono wa sindano, mguu wa pedali. Na maneno yamekwenda.

Nilimkuta sakafuni kando ya cherehani. Taa ndogo inawaka, sweta ya mtoto wa watu iko chini ya sindano, jina limefika nusu. Alikuwa ananitazama. Nikasema inuka, nikasema nini, nikasema maneno mengi. Mdomo wake ukaenda upande.

Daktari ni kijana, ana adabu. Tusubiri, anasema. Kila swali ninalomuuliza jibu ni hilohilo. Tusubiri.

Shemeji — mdogo wa mwisho wa mke wangu — amefika na begi na hasira. Hasira anampa yeyote aliye karibu. Leo aliye karibu ni mimi.

Jumapili, 10 Machi

Wateja wawili wamekuja nyumbani kuchukua sweta zao. Wakasema pole kwa dhati kabisa. Kisha wakauliza njia ya kwenda kwa fundi mwingine. Nikawaelekeza! Mpaka kona nikawasindikiza.

Analishwa maziwa kwa mpira wa puani. Anageuzwa. Anafutwa. Anazungumziwa: amekula, amelala, amechafua. Shemeji na mimi tunapeana taarifa juu ya kitanda kana kwamba kitanda kiko kitupu.

Jioni simu yake ikaimba kwenye begi. Ujumbe umejaa. Mama Uzi uko wapi. Mama Uzi majina bado matatu. Wa mwisho ni wa Kamanda: asiyeonekana mpaka Jumamosi nafasi yake anapewa mwingine, sheria ni sheria, hata kwa Mama Uzi.

Nikaandika: "Nipo. Koo limekauka, siwezi kuongea."

Kwa nini? Kwa sababu ameshatolewa kila mahali. Kwenye cherehani, jikoni, mdomoni mwake mwenyewe. Bado sehemu moja tu wanamwita, na wanakasirika asipoitika. Hapo nitamshikia nafasi mpaka arudi. Mtu akirudi akakuta kiti chake hakipo, karudi wapi?

Shemeji kaniona. "Dada yangu yuko kitandani wewe unacheza gemu! Shemeji, una akili?"

Nikasema sichezi. Kweli sichezi. Sijui hata kutembea mle ndani.

Jumatano, 13 Machi

Nimetengeneza majina matatu. Kwa mkono wangu huu uliokata masikio ya watu.

Nilikaa kwenye benchi ya koridoni, kati ya mzee mwenye kikohozi na ndoo ya mfagiaji. Kumbe mtandaoni kuna kurasa nzima za mambo haya! Unaandika jina kwa herufi za kawaida, linakurudia limevaa. Kuna herufi zilizolala kama zimelewa, kuna zilizofungiwa kwenye viduara kama vifungo vya koti, kuna nyeusi nene za kutangazia msiba. Panga, nyota, nyoka, mbawa za kila ndege. Zile mbawa za mke wangu sikuzipata. Nikapata nyingine, nzuri zaidi machoni pangu. Nikaweka. Nikaongeza nyota. Nikaongeza tena.

Nikawatumia. Wakasifu!

"Mama Uzi hajawahi kukosea," akaandika Pumu.

Nilicheka peke yangu, yule mzee akaacha kukohoa anitazame. Nikaingia wodini, nikamwinamia mke wangu, nikamwonyesha. Tazama, nimekufanyia kazi. Macho yake yalikuwa kwenye dari. Nikasogeza simu mpaka kwenye dari anapotazama. Akafumba macho.

Amechoka. Nimeandika amechoka.

Ijumaa, 15 Machi

Balaa.

Walisubiri mazoezi ya leo wabadili majina wote kwa pamoja. Wakahesabu moja, mbili, tatu, kama watu wanaopiga picha ya harusi. Kwenye ujumbe majina yalimeta. Kwenye gemu — vijisanduku. Visanduku vitupu, vimepangwa mstari, hakuna mbawa wala nyota wala herufi. Gemu haikuzitambua hata moja. Na kadi ya kubadili jina ni moja tu kwa msimu. Watavaa hivyo hadi mwisho.

Wapinzani wanawaita Kikosi cha Maboksi.

"Umetuvua nguo mbele za watu," akaandika Dada Baridi. Kisha matusi, ambayo sitayaweka humu.

Katikati ya visanduku vyote hivyo linameta jina moja tu zima, la mke wangu. Inaonekana kama kawafanyia kusudi.

Aliniambia. Lijaribu kwanza ndani ya gemu. Nilimsikia vizuri kabisa. Sasa kazi ya mwisho iliyotoka chini ya jina lake ni hii. Yeye ambaye hata sweta ya mtoto wa chekechea alikuwa anaifumua herufi moja ikipinda.

Kamanda hakutukana, na hilo ndilo baya zaidi. Akaandika polepole, nikawa naona vidoti: "Huandiki kama wewe. Mama Uzi hasemi tafadhali. Kesho saa tisa alasiri, kabla ya mechi, fungua maiki utueleze kwa mdomo wako. Usipoongea tunaweka mtu mwingine."

Kwa mdomo wako.

Jumamosi, 16 Machi

Niko kwenye benchi ileile ya koridoni. Acha niandike kilichotokea kama kilivyotokea.

Asubuhi alikuja dada wa tiba ya usemi. Akakaa naye, akamwonyesha picha, akamwambia gusa kikombe, gusa ufunguo. Akagusa. Kwa mkono wa kushoto, bila kukosea hata kimoja! Dada yule akatugeukia, mimi na shemeji: maneno hayatoki, lakini yanaingia. Anaelewa kila mnachosema, tangu mwanzo. Msimzungumzie kama hayupo. Na sauti alizozizoea zinasaidia, mleteeni watu wake.

Shemeji alilia akitazama dirishani. Mimi nikahesabu kichwani yote niliyosema juu ya kitanda kile wiki nzima.

Saa tisa nikamwekea mto mgongoni, nikamshika mkono wa kushoto, nikafungua gemu. Nia yangu asikie tu. Watu wake wenyewe hao. Maiki nilidhani nimeifunga — kuna kialama chenye mstari, nikabonyeza, nikaridhika.

Sauti zikajaa kitandani.

"Yupo, namwona," akasema Kamanda. "Mama, ongea."

"Mama, hata tusi moja jamani," akasema Pumu, anahema. "Wiki nzima hatujatukanwa vizuri."

Mke wangu akageuza kichwa. Upande wa kushoto wa mdomo ukapanda juu kidogo. Najua uso ule. Ni uso wake wa kabla hajamjibu mtu. Tangu aanguke sijauona.

Akafungua mdomo, akawajibu.

Halikuwa neno. Lilianza kama neno, kisha likanyooka likawa sauti tu, ndefu, nzito, inapanda na kushuka kama mtu anayeeleza jambo refu. Alikuwa anaeleza. Alimaliza, akavuta pumzi, akasubiri.

Nikatazama kile kialama. Maiki ilikuwa wazi.

Kisha Pumu akacheka. "Nani kafunga mbuzi huko?" Na Dada Baridi, asiyecheka, naye akacheka.

"Nyamazeni," akasema Kamanda. "Nani huyo?"

Nikaichukua simu. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema. Huyo ni Mama Uzi, mke wangu, anaumwa, anawasalimu. Mtoto mdogo angeisema. Nikasema, kwa sauti yangu ya saluni, ile laini ya kumwambia mteja nywele zitaota:

"Samahani, hii simu imeletwa kwa fundi. Hiyo ni televisheni ya hapa dukani."

Nikazima sauti.

Alikuwa ananitazama. Hakulia. Aliutoa mkono wake kwenye wangu, ule mmoja unaomtii, akauingiza chini ya blanketi.

Ningependa niandike hapa kwamba nilikuwa namkinga wasimcheke. Lakini daftari hili halina msomaji, nimdanganye nani? Niliona aibu. Siku zote hizi nasema namshikia nafasi. Aliporudi kukaa, kwa ile sauti aliyobaki nayo, mimi ndiye niliyesema hayupo.

Nikatoka. Ndiyo nipo hapa.

Kamanda ameandika. "Fundi, mwenye simu umwambie tunamsubiri. Mechi bado kidogo. Mtu mwingine hatujaweka."

Mlango umefunguka. Shemeji. Hana hasira leo, afadhali angekuwa nayo. "Shemeji, umemfanya nini dada? Anaonyesha mlango, anaonyesha sikio, anapiga kitanda. Nimemfunika blanketi kalisukuma. Anataka hiyo simu."

Nikamuuliza anaitakia nini.

"Nitajuaje mimi? Kamuulize mwenyewe."

Sijui anataka kuwafungulia tena maiki au kuibamiza ukutani. Yote mawili ni haki yake. Simu inatetemeka mkononi, wanamwita. Shemeji ameuacha mlango wazi, na kutoka hapa naona kitanda, naona mkono wa kushoto umenyooshwa, kiganja juu.

Nimesimama. Nimekaa tena.