Sanduku Lililotangulia Kivuko

Gudele, Juba

Kwa Shangazi yangu mheshimiwa, Mama Viola, Adjumani

Shangazi mpendwa,

Kwa heshima zote ninakusalimu, nikitumaini kwamba goti lako limepata nafuu na mihogo yako imesalimika na mvua. Sisi tu wazima, isipokuwa akili yangu, ambayo haijatulia tangu Jumapili. Dhumuni la barua hii ni kukuomba uamuzi kuhusu ndoa ya mdogo wangu Loro, kwa kuwa katika ukoo wetu wewe ndiwe msemaji wa mwisho. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako hupokelewa na yeyote aliye karibu nayo.

Unakumbuka kwamba Mzee Swaka, baba yake Keji, mchumba wa Loro, alikubali posa yetu kwa sharti moja. Ng'ombe wa mahari ya binti yake mkubwa walivushwa hadi kisiwani kwake wakiogelea nyuma ya mtumbwi, mmoja akachukuliwa na mamba, na wakwe wale wakashikilia kwamba hata huyo ahesabiwe. Kwa hiyo aliapa kanisani kwake, mbele ya waumini, kwamba ng'ombe wa Keji watafika wamesimama ndani ya lori, juu ya kivuko kipya cha magari na abiria kinachojengwa huku kwetu kwa ajili ya visiwa, na kwamba Keji ataondoka kwa kivuko hichohicho, siku hiyohiyo. Loro, ambaye ni mchomeleaji wa vyuma palepale kinapojengwa, alijisifu kwamba hakuna bwana harusi mwingine anayejichomelea njia ya kwenda ukweni.

Kivuko chenyewe, Shangazi, ni kizuri. Nimekikagua. Kimepakwa rangi ya buluu, na mlango wake wa mbele hushuka wenyewe hadi chini ili magari yapande. Lakini bado kiko nchi kavu. Injini iliyoletwa imezidi chumba chake. Mhandisi anasema chumba kipanuliwe, msimamizi anasema injini irudishwe, nami nikiwasikiliza kila mmoja naona ana haki. Mlinzi aliniambia kwamba abiria wa kwanza ni mbuzi wake, na kwamba hadi sasa hawajalalamika.

Sasa nifike kwenye kiini. Jumapili, majirani wakiwa ibadani, raksha ya magurudumu matatu ilisimama mlangoni petu. Alishuka Keji na sanduku la bati lililofungwa kamba, na nyuma yake Mzee Swaka mwenyewe, suruali imelowa hadi magotini. Alikuwa amempigia kasia binti yake kwa mikono yake. Alikataa chai. Alieleza kwamba alikwenda kukitazama kivuko, akachungulia chumba cha injini, akakuta kuku ameatamia. Alisema hawezi kukimeza kiapo alichokitoa kanisani, lakini hakuapa kwamba binti yake azeeke akisubiri. Alitutaka tumfiche Keji, na kivuko kitakapokamilika tumrudishe kimyakimya kwa mtumbwi, ili aondoke kwao rasmi siku ng'ombe watakapofika. Nilimuuliza kwa adabu, mtu huondokaje kwao mara mbili. Alijibu kwamba mimi ndimi mjuzi wa maneno, nitapata namna.

Sijapata. Kisiwani wakijua, Mzee ataaibika, na kwa aibu hiyo aweza kuivunja ndoa. Tukimrudisha Keji sasa, yeye ametamka wazi kwamba hatatoka tena kwao, si kwa mtumbwi wala kwa kivuko. Mke wangu Scovia hajui amhesabu kuwa mgeni au mke wa shemeji yake, hivyo humkataza kuosha vyombo asubuhi na kumwachia vyote jioni. Loro nimemhamishia kwa rafiki yake, kwa ajili ya heshima, ingawa kila siku husahau kitu hapa. Zamani aliulizia injini hiyo kila asubuhi. Sasa haiulizii kabisa.

Scovia na watoto wanakusalimu, na Keji pia, ingawa sijui kama salamu yake niiweke pamoja na za familia.

Sanduku lake bado liko sebuleni na kamba yake, nasi tunalizunguka tukipita. Ninaomba uamuzi wako, Shangazi: tufungue kamba, au tusifungue?

Wako mtiifu,
Romano Lako