Ukaguzi wa Saa Kumi na Moja

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Singida Mjini
Tarehe 16/05/2024, saa 3:20 asubuhi

Jina: Calist Hosea Ntandu
Umri: Miaka 43
Kabila: Mnyaturu
Kazi: Mwendesha mashine, kiwanda cha kukamua alizeti
Makazi: Misuna, Singida

Mimi niliyetajwa hapo juu nimekuja kituoni kwa hiari yangu. Jana mchana nilipewa karatasi ofisini niisaini. Inasema mwenzangu Simeoni Kitundu, aliyevunjika mgongo, aliteleza mwenyewe. Niliambiwa asiyesaini asirudi kazini. Sijasaini. Nina watoto wanne na kazi hiyo nimeifanya miaka kumi na moja, kwa hiyo afande asidhani nimekuja hapa kujifurahisha.

Kwanza naeleza utaratibu wa getini, maana bila huo jambo lenyewe halieleweki. Mwezi Januari zilipotea beringi mbili za mashine. Meneja, Bwana Prashant, ambaye alikuwa mgeni hapa Singida, akaweka ukaguzi kila siku saa kumi na moja jioni. Tunapanga foleni juu ya jukwaa la kupakia mashudu, yale makapi ya alizeti iliyokamuliwa, mkabala na geti. Mtu anavua shati, anashusha suruali mpaka magotini, anageuka mara moja, mlinzi anasema pita. Wanaokaguliwa ni sisi Waafrika tu. Fundi umeme Sandeep, ambaye ni Mhindi, anashinda na mimi kwenye mashine ileile, grisi inayotuchafua ni moja, lakini yeye hupita pembeni akitutakia jioni njema. Siku moja nilimuuliza meneja kwa upole kwa nini iko hivyo. Alijibu, "Wezi wa hapa nawajua rangi yao." Kwa miezi minne hakuna aliyekutwa na kitu.

Mimi nilikuwa navua. Tangu mwezi wa pili, ikifika saa tisa mchana naanza kuitazama saa. Mwezi Machi nilinunua chupi mbili mpya kwa ajili ya ile foleni. Mke wangu akanitania, "Baba Cecilia, unampendezea nani huko?" Nilimfokea mbele ya watoto, na mpaka leo hajui kosa lake. Mwanaume mwenye nyumba yake utaanzaje kusema kwamba kila jioni unavuliwa nguo kama mtoto anayeogeshwa?

Mnamo tarehe 14/05/2024, siku ya Jumanne, saa 11:05 jioni, tulikuwa tisa kwenye foleni. Simeoni alikuwa wa kwanza, mimi nikamfuatia. Geti letu ni la nondo, unaona mpaka barabarani. Nje yake alikuwa amesimama mama mkwe wa Simeoni, Mama Anastazia, mwenyeji wa Iguguno. Alikuja kumwita kwa sababu mke wa Simeoni, Yustina, alikuwa amelazwa kujifungua na hali haikuwa nzuri.

Simeoni ni Mnyiramba. Kwao, na kwetu Wanyaturu ni hivyohivyo, mama mkwe hamwoni mkwe wake akiwa uchi. Ukikutana naye njiani unampisha, hata mkono humpi. Akikuona huna nguo, hiyo ni aibu ya nyumba mbili, na pole haitoshi kuiondoa.

Mlinzi Kefa alisema, "Vua." Simeoni akajibu kwa sauti ya chini, "Leo hapana. Nikague stoo." Meneja alisikia, akaja. Akasema, "Huyu leo ndio ameficha kitu." Simeoni akamwambia, "Bosi, nipeleke stoo, nitavua zote." Sababu hakuitaja, maana mkwe alikuwa karibu anasikia, na kumtaja mkwe kwenye habari za kuvua nguo ni tusi lenyewe.

Aliyeitaja ni Alifiya, karani wa mizani. Huyo ni Mhindi mzaliwa wa hapahapa Singida, anajua Kinyaturu kuliko binti zangu. Alitoka ofisini akasema, "Prashant, mwache, yule mama pale ni mkwe wake." Meneja akajibu, "Hawa kila siku wana hadithi." Akamwamuru Kefa amvue. Kefa alishika mkanda, meneja mwenyewe akashika kola ya shati. Vifungo vikakatika. Simeoni akawa anarudi kinyumenyume kuelekea ukingoni, ameshikilia suruali kwa mikono miwili. Meneja akamsukuma kifuani. Akaanguka chali kutoka jukwaani, urefu kama mita moja na nusu, mgongo ukapiga ukingo wa saruji. Mikono hakuitoa kwenye suruali, ndiyo maana hakuweza kujikinga.

Sakafu ilikuwa kavu. Hakuteleza.

Mama Anastazia alijifunika uso kwa kitenge akalia kwa Kinyiramba. Geti lilifunguliwa lakini hakuingia, kwa kuwa mkwe wake alikuwa amelala pale kifua wazi. Alifiya ndiye aliyemfunika Simeoni kwa mtandio wake na kumpeleka hospitali kwa gari lake. Jana nilimtembelea. Miguu haisikii kitu. Mtoto wao amezaliwa salama, wa kiume, na baba yake bado hajambeba.

Afande ameniuliza kwa nini mimi ninayejua mila nilinyamaza, na kwa nini sikumdaka mwenzangu wakati nilikuwa hatua moja kutoka alipokuwa. Mikono yangu ilikuwa na kazi. Wakati wao wanabishana, mimi nilikuwa nimeshavua shati na ninashusha suruali kabla sijaambiwa, ili meneja aone kwamba mimi si mbishi.

Hayo ndiyo niliyoyaona na niliyoyafanya, na nikiitwa mahakamani nitayarudia hivyohivyo.

Sahihi ya shahidi: C. H. Ntandu

Maelezo haya nimeyaandika mimi, Koplo Luciana, kama yalivyotoka kinywani mwa shahidi. Nimemsomea, amekiri ni sahihi. Nilimwambia kwamba lile jibu lake la mwisho si la lazima kwa kesi na linaweza kuondolewa. Amesema libaki.