Miezi Mitano Iliyoninyima Mtihani

Dada yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Naomba barua hii ikukute mzima, watoto hawajambo, na Mama anatembea bila kushikwa mkono. Mie mwili mzima, ila roho imenichafuka. Nakuandikia wewe peke yako, usimsomee Mama.

Unajua huu mwaka wa pili navaa sare ya polisi wa kujitolea huku Uzunguni, hapa Peckham, kila wikendi, nikitoka kwenye kazi yangu ya kutunza wazee. Nimesimama mvuani nikiongoza watu, walevi wamenitukana, nimekesha hospitali nikimfasiria bibi mmoja wa Kikongo aliyeporwa mkoba. Yote hayo kwa kuwa nilitaka kuajiriwa polisi kamili, na mlango wake ni mtihani wa serikali. Sajenti wetu ndiye aliyenitia moyo. Kila nilipomuuliza kama nina sifa za kuufanya, alinijibu kuwa mtu kama mie ndiye wanayemtafuta. Nikasoma miezi minane pale meza ya jikoni, mume wangu Haji akipika.

Wiki iliyopita nikaitwa ofisi ya ajira. Mama mmoja wa makamo akafungua pasi yangu, akatazama mihuri, akasema siruhusiwi kufanya mtihani. Sharti lao ni kukaa nchini miaka mitatu mfululizo, na mie nilitoka nje ya nchi miezi mitano. Ndiyo ile miezi niliyokuja kukusaidia kumuuguza Mama. Nikamweleza. Akanipa pole, akasema fomu haina mahali pa kuandika sababu.

Huyo sikumchukia. Kilichonitia kinyaa ni karatasi aliyonionyesha ndani ya faili langu. Sajenti aliiandika mwenyewe niliporudi kutoka huko nyumbani, kwamba sina sifa mpaka miaka mitatu ihesabiwe upya. Sahihi yake iko chini. Alijua siku zote zile.

Nikatia sare kwenye mfuko, nikaenda kituoni. Nikamuuliza kwa nini alinificha. Hata kalamu hakuiweka chini.

“Ningekwambia, ungeacha kuja,” akasema. “Na wikendi hatuna watu.”

Nikauweka mfuko mezani. Akaufungua kuhakikisha kofia imo, kisha akaniuliza kama Jumamosi ningekuja mara ya mwisho, kwa sababu kuna mechi. Nikatoka nikaenda kupanda basi. Ndani ya basi nililia mpaka nikapitiliza kituo changu.

Haji anataka niachane nao kabisa. Mie nimekataa. Miaka ikitimia nitaomba tena, kupitia kituo kingine, na safari hii masharti nitayasoma mwenyewe kwanza. Sitaki mtu yule awe ndiye aliyenizuia.

Nisalimie Mjomba Suleiman aliyenisimamia siku ya ndoa, na shemeji yangu Makame, mwambie dawa ya macho nimeipata. Bi Asha wa nyumba ya pili, aliyekuwa akitupikia uji wa mgonjwa, mbusu mikono yote miwili.

Mama atauliza, najua, maana alikwishawaambia majirani. Mwambie mtihani umeahirishwa. Akitaka kujua sababu, sema mafaili ya Wazungu nayo hupotea, kisha mpe chai.

Mdogo wako akupendaye,
Salma