Ukurasa wa Mwisho wa Daftari la Kemia

Mwenzangu, usinipigie. Nimejifungia maabara, nikisikia sauti yako nitaangua kilio na wanafunzi wamesimama mlangoni.

Yule binti wa dawati la mbele, yule mkimya niliyemnunulia viatu, hajaonekana kwao tangu Ijumaa. Siku nne!

Mama yake karudi safari jana, leo kaja shuleni na daftari la kemia la bintiye. Kaliweka mbele yangu na mkuu wa shule, kafungua ukurasa wa mwisho.

Unaujua ule ukurasa. Ndio niliowaambia wanafunzi waniandikie yanayowasibu, nisome mimi tu. Ule ule niliojisifia kwako!

Binti kaandika: "Mwalimu, Ijumaa mama anasafiri, nitabaki na baba wa kambo. Naogopa. Nitafutie pa kulala."

Chini yake wino mwekundu. Mwandiko wangu. "Vizuri. Endelea hivyo."

Sikusoma! Wallahi sikusoma. Jumatano nilisahihisha madaftari hamsini huku kikao cha walimu kinaendelea, mkono unakwenda wenyewe. Vizuri, endelea hivyo. Vizuri, endelea hivyo.

Mkuu akaanza kunitetea, eti hapa shuleni hakuna anayewajali watoto kama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama wa watu hakupiga kelele. Bora angepiga. Aliweka kidole juu ya maandishi yangu, akaniuliza taratibu, kama mwanafunzi ambaye hajaelewa swali:

"Mwalimu, aendelee na nini?"