Cucu Aliketi Mbele

Mugure wangu,

Huku Gitothua tuko wazima. Mvua imetuosha vizuri, na baba yako bado anabishana na ng'ombe wake. Uliniuliza ufanye nini mzee aliyesahau kila kitu akikataa kuingia kwenye ambulensi yako.

Nikwambie ya cucu yangu, nyanya aliyenilea. Nilikuwa msichana kwenye shamba la kahawa, Ruiru, miaka ya hamsini. Cucu alikuwa ameanza kuniita kwa jina la mama yake. Ambulensi ilipokuja kumpeleka hospitali Thika, aliona milango ya nyuma ikifunguliwa, akashika mti wa kahawa kwa mikono miwili. Malori ya askari wa mkoloni siku hizo yalikuwa yamechukua watu wake, hayo niyaache.

Dereva, mtu wa kutoka magharibi, hakumvuta. Alifunga nyuma, akafungua mlango wa mbele.

"Cucu, mimi ni mgeni. Njia ya Thika siijui."

"Kijana mzima!" Cucu akacheka, akapanda.

Basi mimi mzima nikakaa nyuma kwenye machela, yeye mgonjwa mbele, akionyesha kwa kidole. Kahawa ilikuwa imechanua, nyeupe kote, na gari lilikwenda polepole kama linaota.

"Ni hapa?" dereva anauliza.

"Bado. Twende tu."

Na barabara ilikuwa moja.

Mugure, juzi nilimwita baba yako kwa jina la kaka yangu, naye akaitika. Siku gari likinijia, waambie wasinivute. Waniulize njia.

Cucu wako