Mahali Ulipokuwa Unasimama

Mpendwa Baba Akiru,

Nakuandikia nikiwa na hasira, ujue hivyo mapema. Akiru ni mzima, bado anafanya kazi Meru, na mvua haijanyesha. Hizo ndizo habari za nyumbani. Sasa nisikilize.

Unakumbuka siku ulipoletwa kutoka kijijini Biliqo? Ulikuwa unaendesha lori la ng'ombe wa watu, ukashuka na upande mmoja tu wa mwili, ule wa kushoto ukabaki ukining'inia kama si wako. Stroki, yaani kiharusi. Pale hospitali tukampata Daktari Muthomi wa mazoezi, kijana wa Kimeru aliyesomea kazi yake China. Akasema dawa peke yake haitoshi, akaanza kukufunza taichi, yale mazoezi ya Wachina ya mwendo wa taratibu. Nilicheka mpaka nesi akanikata jicho. Mwanamume aliyemaliza ujana wake akipigana na lori kwenye mchanga, leo anasukuma hewa polepole kama mtu anayetuliza ndama!

Lakini wewe ulikipenda kile kitu. Jioni ulikuwa unanieleza huku chai yako inapoa. Ulisema hata Wachina wana koo zao, na kila ukoo ulikuwa na taichi yake. Hii yako ni ya juzi juzi tu, walimu walikaa chini wakachukua kidogo huku na kidogo kule, wakashona mwendo mmoja. Nikakuuliza, "Na hawakupigana?"

"Walipigana kwanza," ukasema, na ule mdomo wako uliopinda ukajaribu kucheka.

Mishono ilikuwa inaonekana, hata mimi niliiona. Mwanzo ulikuwa wa upole, mikono mipana. Ghafla ngumi, na mguu chini, pa! Kisha hatua fupi fupi, mguu wa nyuma ukiufuata wa mbele. Ulipoanza kuifanya asubuhi kwenye uwanja wa mtaa, jirani yetu Halima alikuwa wa kwanza kuja, kwa sababu ya magoti yake. Alitoka msikitini alfajiri, akasimama nyuma yako hapo uwanjani na dera lake likipepea. Halafu Mama Kendi wa miraa na mgongo wake. Kabla ya mwaka kuisha tulikuwa Waborana, Wameru, Wasomali na sisi Waturkana, nusu ya mtaa wetu wa Bulla Pesa, tukipigana na hewa, na watoto wa shule wakituchekelea. Pasta alikuita akuulize kama umehamia dini ya Wachina. Ukamjibu, "Pasta, kwani kutembea pia ni dini?" Wakati wa siasa, majirani walipoanza kusalimiana nusu nusu, darasa lako halikupoteza mtu. Nilijivunia wewe, Baba Akiru. Sikukwambia vya kutosha.

Na kila siku, baada ya kupiga mguu chini na kabla ya zile hatua fupi, ulikuwa unasimama. Mikono kifuani, umetugeukia, macho kwetu, kimya. Kisha unaendelea. Nasi tulisimama. Halima alisema hapo mtu anamshukuru Mungu kimoyomoyo. Mama Kendi alisema ni mahali pa kusikiliza mgongo. Mimi nilidhani unatuangalia kama tuko wote.

Stroki ya pili haikukupa nafasi. Tulikuzika, na baada ya matanga wakaja mlangoni. "Mama Akiru, toka. Nani atatuongoza?" Nikatoka. Sehemu zote niliziweza, na pale pa kusimama ndipo nilipokuwa nakupata. Macho nafumba, na ninakuona wazi, na kofia yako na ile sweta iliyotoboka kiwiko. Ninalia kidogo, nafuta, tunaendelea. Wenzangu walinizoea hivyo.

Sasa wiki jana Daktari Muthomi, ambaye walimhamisha zamani, alikuwa anapita mjini akaja kutusalimia. Alisimama kando akatutazama mpaka mwisho, akapiga makofi. Halafu akaniuliza polepole, "Mama, mbona mnasimama pale katikati? Hii taichi haina kusimama pale."

"Mzee ndiye alitufunza."

Akanivuta kando. "Mama, pale ndipo mguu wake ulikuwa unakataa. Nilimwambia asiulazimishe, asimame mpaka uitikie. Ulikuwa unamuuma sana. Aliniomba nisikwambie."

Hebu fikiria. Miaka yote hiyo ulisimama mbele yangu ukiumia, ukanitazama usoni, na mimi nikadhani unatuhesabu! Usiku ulilala kitandani kwangu ukasema umeshinda vizuri. Kwa nini, Baba Akiru? Ningekukanda. Ningekuletea hata kiti. Najua utasema ungeona aibu kukalia kiti mbele ya wanawake. Aibu gani, na mimi ndiye niliyekuogesha?

Darasa likagawanyika. Halima akasema, "Wallahi, hapo tusipaguse, ni pa Mzee." Mama Kendi akasema kama ni makosa, tuache makosa. Wakabishana mpaka jua likawa kali, kisha wakanigeukia. "Amua wewe. Alikuwa wako."

Sikutoka siku kadhaa. Nilisema naumwa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Kaburi lako liko mbali, sauti yako haiko popote, na mahali pekee ninapokuona ni pale. Nikipaondoa, nitakuona wapi? Nililia kwa ajili ya hilo kuliko nilivyolia siku ya mazishi, maana siku ile watu walikuwa wengi na chai ilikuwa ya kupikwa.

Lakini jana, nikifagia, nikajiuliza unafanya nini pale ninapokuona kila asubuhi. Jibu likanikalisha chini na ufagio mkononi. Unaumia. Kila siku Mungu anayoleta nakuita urudi pale pale mguu ulipokukataa, nakusimamisha, na unaumia mbele yangu tena, ukijikaza nisijue. Na mimi nauita huo upendo.

Leo alfajiri nimetoka. Nimewaambia, "Tunaenda bila kusimama." Halima akaniangalia, akafunga mtandio wake vizuri. Tukaanza kwa upole, tukapiga ngumi, tukashusha mguu. Tulipofika pale, mwili wangu wenyewe ukataka kusimama. Sikufumba macho. Nikatoa mguu wa kushoto, ule ule uliokuwa unakukataa wewe, na wa nyuma ukafuata. Nyuma yangu nikasikia viatu vyote vikisogea kwenye mchanga.

Tumepita, mume wangu. Pita na wewe.

Mkeo asiyekukasirikia tena,
Mama Akiru